Si Bundi, Si Ngedere: Reli Inasubiri Hela

Wanamabadiliko, tumecheka mpaka mbavu zinauma. Treni ya umeme imekwama njiani, Shirika la Reli likatoa taarifa kwamba hitilafu ya umeme imeletwa na ngedere na bundi, na kabla jua halijazama mitandao yote imejaa ngedere waliovaa kofia ya dereva na bundi aliyeshika tiketi. Sikatai, hata mimi nilisambaza tatu.

Lakini kule tulikokulia, bundi akitua juu ya paa watu wazima hawacheki. Wanaulizana: humu ndani nani anaumwa? Basi tukishafuta machozi ya kicheko, tuulize swali hilo hilo kuhusu reli yetu. Jibu langu nalitoa mapema usije ukasoma mpaka chini ukilitafuta: kinachoumwa ni mfuko. Ngedere alisimamisha treni kwa muda mfupi. Ujenzi wa kutoka Makutupora kwenda Tabora unasuasua tangu mkataba usainiwe Desemba 2021, na kwa hilo hakuna taarifa iliyotutajia mnyama yeyote.

Kwanza tupeane haki

Kabla machawa hawajaanza kunirushia mawe, niseme wazi: treni ni nzuri. Mwezi uliopita nilipanda kutoka Dar kwenda Morogoro, tiketi ya kawaida Sh13,000, na saa mbili hazijatimia nikawa nimeshashuka. Pembeni yangu alikaa mama mmoja anayepeleka dawa kwa mgonjwa wake. Akaniambia, "Mwanangu, kwa basi saa hizi ningekuwa bado nahangaika na foleni ya Kibaha." Huyo mama siwezi kumnyang'anya furaha yake, na wala sitaki. Agosti 1, 2024 Rais Samia alizindua rasmi safari mpaka Dodoma, nauli ya kawaida ikiwa Sh31,000, na safari iliyokuwa inakula siku nzima barabarani sasa ni ya saa nne hivi. Anayesema wapinzani hawaitaki reli anatusingizia. Tunaitaka kuliko yeye, maana sisi tunaitaka ifike.

Na mimi nina sababu yangu. Kwetu ni Tabora. Nimekua nikisikia honi ya treni ya zamani usiku. Ukisafiri nayo kwenda Dar unabeba shuka, maji na chakula cha kutosha, na ikigoma njiani mnaomba Mungu igome Saranda angalau mle kuku wa pale. Tulipoambiwa reli mpya inapita kwetu, wazee walifurahi kama watoto. Mdogo wangu akapata kibarua kwa mkandarasi mdogo aliyepewa kazi ya kubeba kifusi. Akapiga hesabu za kununua bodaboda yake mwenyewe. Baada ya miezi michache wakaambiwa warudi nyumbani, wataitwa hela ikiingia. Huu ni mwaka wa pili, simu haijaita. Bodaboda anaendesha kweli, ila ni ya mtu, na kila jioni anapeleka hesabu.

Kwa hiyo ninapoandika kuhusu fedha za reli sipigi siasa za jukwaani. Naandika kuhusu simu ambayo haijaita.

Tulianza lini, tumefika wapi

Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Mwaka 1912 ilifika Tabora, mwaka 1914 ikafika Kigoma. Miaka tisa, kwa sururu, karai na jasho la babu zetu chini ya mkoloni. Huko sitamani turudi hata dakika moja. TAZARA nayo ilijengwa kuanzia mwaka 1970 mpaka 1975: kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi nchini Zambia, kwa mkopo wa China usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Masharti yale hayakuwa siri ya watu watatu wizarani. Yanafundishwa mpaka madarasani.

Sasa njoo kwenye reli yetu ya kisasa, SGR. Mkataba wa Dar–Morogoro ulisainiwa Februari 2017, jiwe la msingi likawekwa Pugu Aprili 12 mwaka huo huo na hayati Rais Magufuli. Mkandarasi alipewa miezi 30. Ungehesabu kwa vidole, treni ingetakiwa iwe inatembea mwishoni mwa mwaka 2019. Abiria wa kwanza wa biashara wamepanda Juni 14, 2024. Miezi 30 imegeuka miaka saba.

Dar mpaka Mwanza ni kilomita 1,219. Ongeza Tabora mpaka Kigoma, kilomita 411. Jumla ni kama 1,630. Treni inayotembea leo inaishia Dodoma, kilomita 460 hivi. Yaani mbele ya shangwe zote zile, theluthi moja ya safari bado haijafika.

Huko mbele kukoje? Kwa takwimu za serikali yenyewe zilizotolewa kwenye msimu wa bajeti mwaka 2024, Makutupora–Tabora ilikuwa haijafikisha asilimia 20. Tabora–Isaka ilikuwa haijafikisha hata 10. Mwanza–Isaka imevuka nusu, na ilipaswa iwe imekamilika sasa, maana mkataba wake wa miezi 36 ulisainiwa Januari 2021. Sasa jiulize swali la mtoto wa darasa la tano: Mwanza–Isaka ikimalizika kesho asubuhi, itaunganishwa na nini? Isaka kuna reli ya zamani, ambayo upana wake ni milimita 1,000. Hii mpya ni milimita 1,435. Treni ya hii haipiti kwenye ile. Tutakuwa na reli ya mabilioni inayoanzia ziwani na kuishia Isaka, kama daraja lililojengwa katikati ya mto, ncha zote mbili majini.

Hesabu ambayo hawaiweki kwenye mabango

Nimekaa nikapanga mikataba yote sita. Takwimu za kila mkataba zilitangazwa wakati wa kusaini, wewe chukua kalamu tu. Urefu huu unajumlisha njia kuu pamoja na njia za kupishania treni:

1. Dar–Morogoro: kilomita 300, dola bilioni 1.2 za Marekani. Kilomita moja ni kama dola milioni 4.

2. Morogoro–Makutupora: kilomita 422, dola bilioni 1.92. Kilomita moja, milioni 4.5.

3. Makutupora–Tabora: kilomita 368, dola bilioni 1.9. Kilomita moja, milioni 5.2.

4. Tabora–Isaka: kilomita 165, dola milioni 900. Kilomita moja, milioni 5.5.

5. Mwanza–Isaka: kilomita 341, dola bilioni 1.3. Kilomita moja, haifiki milioni 4.

6. Tabora–Kigoma: kilomita 506, dola bilioni 2.2. Kilomita moja, milioni 4.3.

Jumla ya mikataba hii inavuka dola bilioni 9. Lakini angalia namba tatu na namba nne. Ni sehemu mbili zilizo ghali kuliko zote, na zote mbili ziko nyuma sana. Watakuambia bei ya chuma ilipanda duniani baada ya korona na vita ya Ukraine. Sawa. Ila mkataba wa Kigoma umesainiwa Desemba 2022, vita ikiwa imeshapamba moto, na bado bei yake kwa kilomita iko chini. Watakuambia ardhi ni ngumu. Ndugu zangu, mimi ni wa huko. Aliyepita milima ya Kilosa na mahandaki yake akishafika Tabora anapumzika, ni tambarare mpaka macho yanachoka.

Na si mimi niliyeanza kuuliza. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, CAG, ya mwaka wa fedha 2021/22 ilihoji sehemu hizi mbili kupewa mkandarasi mmoja bila zabuni ya ushindani, na ikahoji gharama zake. Kama sehemu hizo zingejengwa kwa bei ile ile ya Morogoro–Makutupora, kwa hesabu yangu tungeokoa zaidi ya dola milioni 370. Kwa bei ya dola ya mwaka 2024 hiyo ni kama Sh1 trilioni. Labda kuna sababu za kihandisi ambazo mimi mtoto wa Tabora sizijui. Kama zipo, ziwekwe mezani tuzisome. Kama hazipo, basi tumepigwa mchana kweupe.

Kuna na kidonda kingine hapo. Mikataba hii ni ya dola. Dola ilipokuwa Sh2,300, mkataba wa Makutupora–Tabora ulikuwa kama Sh4.4 trilioni. Mwaka 2024 dola ilipocheza kwenye Sh2,700, mkataba ule ule ulikuwa kama Sh5.1 trilioni. Mkandarasi hakuongeza hata taruma moja, sisi tulishaongezewa Sh700 bilioni. Kila mwezi ambao ujenzi ulisuasua kwa kukosa hela, hela yenyewe inayohitajika ilizidi kuwa kubwa. Hiyo ndiyo hasara ya kusaini kwanza na kutafuta baadaye.

"Fedha za ndani"

Mnakumbuka enzi zile. Kila mkutano tuliambiwa reli inajengwa kwa fedha zetu za ndani, hatujapiga magoti kwa mtu. Aliyeuliza aliitwa kibaraka wa mabeberu. Vijana wenzetu wengine walilala mahabusu kwa maneno madogo kuliko haya.

Februari 2020, enzi hizo hizo, serikali ilisaini na benki ya Standard Chartered mkopo wa dola bilioni 1.46 kwa ajili ya Dar mpaka Makutupora. Ule ni mkopo, tena karibu nusu ya thamani ya mikataba miwili ya kwanza. Kukopa kwenyewe sikupingi. Hakuna nchi inayojenga reli ya namna hii kwa kuvunja kibubu. Ninachopinga ni kutuambia kibubu kimevunjwa wakati deni limeshaandikwa kwa jina letu.

Na kibubu chetu nacho kipo, tusisahau. Tangu mwaka 2015 kuna tozo ya maendeleo ya reli kwenye bidhaa zinazotoka nje. Ilianza kwa asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo pamoja na bima na usafirishaji. Mzigo wa Sh10 milioni ulikatwa Sh150,000 ya reli. Mfanyabiashara wa Kariakoo hailipi yeye, anaihamishia kwenye bei. Anayelipa ni mdogo wangu anaponunua tairi la bodaboda, ni wewe unaponunua simu ya mkopo, ni mama mwenye saluni anaponunua mashine ya kukaushia nywele. Mtu wa Sumbawanga ambaye hii treni hataiona maishani naye analipa. Sasa imepita zaidi ya miaka tisa. Mimi binafsi sijawahi kuona ukurasa mmoja uliobandikwa mahali pa wazi ukisema: tumekusanya kiasi hiki, tumelipa kipande hiki, imebaki hii.

Wakati huo huo CAG ametuambia kwamba deni la Serikali lilifika Sh82.25 trilioni Juni 2023, kutoka Sh71.31 trilioni mwaka mmoja kabla. Bajeti nzima ya nchi ya mwaka wa fedha 2024/25 ilikuwa Sh49.35 trilioni. Weka hizo namba mbili kando kando, halafu umuulize mheshimiwa mbunge wako aliyepiga makofi: hiyo reli ya Tabora inalipwa kutoka wapi?

Treni ya abiria hailipi deni

Hapa naomba tusikilizane vizuri, maana ndipo penye mzizi wa hoja.

Duniani kote reli ndefu ya namna hii huishi kwa mizigo. Tulipoanza hatukuambiwa tunajenga ili wabunge wawahi Dodoma. Tuliambiwa tunajenga ili kontena litoke bandarini Dar liende Kongo, Burundi, Rwanda na Uganda. Shaba ishuke, mafuta yapande. Hela ya mizigo ndiyo ilipe deni.

Mzigo uko wapi? Uko ng'ambo ya Kigoma, uko ng'ambo ya Isaka. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayepakia kontena la Lubumbashi au la Bujumbura kwenye treni mpaka Dodoma, alishushe, alipakie tena kwenye lori. Atapakia lori moja kwa moja kutoka bandarini, kama anavyofanya leo. Na safari zilipoanza mwaka 2024, reli mpya ilibeba abiria tu. Mizigo ilikuwa bado.

Kwa hiyo tuna mkopo ulioanza kuhesabu riba, na reli iliyokatika kabla haijafika kwenye chanzo chake cha mapato. Ni sawa na mtu aliyekopa kununua lori la kubebea mahindi, akaishiwa hela ya kuweka tairi za nyuma. Kila mwezi mwenye mkopo anapiga hodi, na lori limepaki uani, watoto wanacheza kwenye usukani.

Mzigo wenyewe nao hautusubiri. Huko magharibi reli ya Lobito ya Angola imeshapata wawekezaji na wakopeshaji wakubwa, Marekani ikiwemo, na lengo lake ni shaba ya Kongo na Zambia. Mwenye mzigo hana uzalendo wa reli. Anatafuta njia inayofika.

Kwa Kigoma angalau kuna kitu kimetangazwa. Desemba 2023 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha dola milioni 696 kwa ajili ya reli ya Tanzania na Burundi, na upande wetu ni kama milioni 598. Ni habari njema, na nasema hivyo bila kinyongo. Lakini kipande cha Tabora–Kigoma peke yake ni bilioni 2.2, na hela hiyo imekusudiwa pia tawi la kutoka Uvinza kwenda mpakani. Nyingine itatoka wapi, kwa riba gani, kwa dhamana ya nini? Na kubwa zaidi: reli ya Kigoma inaanzia Tabora. Kama Makutupora–Tabora haijaisha, treni ya Kigoma itafikaje Dar?

Tumtazame jirani

Wenzetu wa Kenya walizindua Mombasa–Nairobi Mei 31, 2017. Mkopo mkubwa wa Exim ya China, zaidi ya dola bilioni 3. Wakaongeza kipande cha kwenda Naivasha kwa dola bilioni 1.5 nyingine. Mpango ulikuwa kufika Malaba, mpakani na Uganda, ambako ndiko mzigo uliko. China ikaacha kutoa hela. Reli ikaishia Naivasha mwaka 2019, na hapo ndipo ilipo mpaka leo. Mikataba ilifichwa miaka na miaka. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani yao ikasema ununuzi ule haukufuata sheria. Kurasa za mkataba zikaja kuonekana hadharani Novemba 2022, deni likiwa limeshaanza kulipwa.

Halafu ikafika Juni 2024. Vijana wa Kenya wakaona muswada wa fedha, kodi kwenye kila kitu, wakaingia barabarani. Wengine hawakurudi nyumbani. Rais Ruto akaukataa muswada ule, lakini waliokufa hawakufufuka. Deni la reli halikuwa sababu peke yake, lakini lilikuwemo ndani ya mzigo ule. Hivyo ndivyo deni la siri linavyofanya kazi: linasainiwa na wazee watano kwenye chumba chenye kiyoyozi, linalipwa na kijana mwenye miaka 22 kwenye bei ya mkate.

Sitaki tufike huko. Ndiyo maana naandika sasa, treni ikiwa bado inanukia upya.

Tunachodai

Vijana wa chama hatudai reli isimamishwe. Anayetuambia hivyo mwonyesheni aya hii. Tunadai mambo manne.

Kwanza, mpango wa fedha wa kila kipande uwekwe hadharani. Makutupora–Tabora na Tabora–Isaka zinalipwa na nani, kwa mkopo gani, riba gani, muda gani? Kama mkopo haujapatikana, tuambiwe haujapatikana. Mtu mzima akiishiwa hela ya ujenzi anawaambia wanawe, hawaachi watoto wakae wanasubiri bati.

Pili, tozo ya reli iwe na hesabu yake inayotangazwa kila mwaka, iliyokaguliwa, ndani ya kurasa mbili ambazo fundi gereji anaweza kuzisoma.

Tatu, kipande kinachounganisha kipewe hela kabla ya mawe mengine ya msingi. Makutupora mpaka Tabora ndiyo shingo ya mradi wote. Bila hiyo shingo, Mwanza ni kipande, Kigoma ni kipande, na Dodoma ni mwisho wa reli. Kuweka jiwe la msingi ni rahisi, kunahitaji kitambaa, mkasi na kamera. Kumaliza ndiko kunakohitaji mpango.

Nne, hakuna mkataba mwingine wa mzabuni mmoja. Na maswali ya CAG kuhusu sehemu ya tatu na ya nne yajibiwe bungeni kwa majina na kwa tarakimu. Bunge lililopita tulilijua lilivyopatikana mwaka 2020 na lilivyopiga makofi, lakini Ibara ya 63 ya Katiba bado inalipa Bunge kazi ya kuisimamia serikali. Ifanyike hiyo kazi.

Na sisi je? Tusiishie kulalamika. Ripoti za CAG zipo wazi, zipakue, soma sehemu ya Shirika la Reli, msomee na jirani. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Vijana wa Tabora, Nzega, Isaka na Manyoni, tukae tuandike barua moja ya kuomba mpango wa fedha wa kipande kinachopita kwetu, tuipeleke kwa mkono, tugongewe muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, hata ukimya wao utakuwa na tarehe.

Kisha kuna daftari. Uboreshaji wa daftari la wapiga kura ulizinduliwa Julai 20, 2024, tena Kigoma, mji ambao reli mpya bado ni ahadi. Mwaka 2024 ulikuwa wa uchaguzi wa serikali za mitaa, na mwaka 2025 wa uchaguzi mkuu. Mtakuja kuona mabango ya treni kila kona. Mgombea akija na picha ya treni mkononi, mpokee kwa heshima, mpe kiti, mpe maji, halafu muulize swali moja tu: ya kwetu inalipwa na nani?

Jana usiku nimeongea na mdogo wangu. Nikamtumia ile picha ya bundi mwenye tiketi. Akacheka, halafu akaniandikia: "Kaka, muulize huyo bundi kama huku kwetu anakuja lini, maana mpaka bundi aje lazima kwanza nyaya ziwepo."

Nimekosa la kumjibu. Waliosaini wamjibu.